Manyoya Kila Kona: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mbwa Wanaopukutisha Manyoya Dar es Salaam

Maswali haya wafugaji wenzangu huniuliza getini, kwenye foleni ya chanjo ya kichaa cha mbwa, na kwenye simu usiku baada ya kufagia sebule mara ya tatu. Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi ya hali zisizo za kawaida. Mwenye haraka asome la 4, la 8 na la 15. Hayo matatu ndiyo yanayoharibu au kuokoa ngozi za mbwa wengi wa jiji hili.

## Kuyajua manyoya yenyewe

1. Mbwa wa manyoya ya tabaka mbili ndiye yupi?

Ni yule mwenye manyoya ya aina mbili kwenye ngozi moja. Ya juu ni marefu na magumu kidogo, na ndiyo yanayobeba rangi unayoiona. Chini yake kuna manyoya mafupi, mepesi, yaliyojazana kama usufi ndani ya mto. Ya juu yanakinga jua, mvua na michubuko. Ya ndani yanashika hewa karibu na ngozi.

Kwa Dar mbwa hawa ni wengi kuliko watu wanavyodhani. Kuna German Shepherd wanaolinda nyumba kuanzia Mbezi hadi Kigamboni, kuna Labrador, Golden Retriever, Husky, Chow Chow, Pomeranian, na hata Rottweiler, ambaye ufupi wa manyoya yake huwadanganya wengi. Poodle na Maltese hawamo. Mbwa wetu wa kienyeji wengi wana manyoya mafupi yasiyo na usufi mwingi, lakini chotara wa kienyeji na German Shepherd mara nyingi hurithi tabaka zote mbili. Ukitaka uhakika, yafungue manyoya ya pajani kwa vidole. Ukiiona ngozi mara moja, hana tabaka la ndani la maana. Ukikuta usufi uliopauka unaoificha ngozi, majibu yaliyobaki yanakuhusu.

2. Niliambiwa hupukutisha mara mbili kwa mwaka. Mbona wangu ni mwaka mzima?

Kila unyoya hukua, hupumzika, kisha huanguka kuupisha mwingine. Katika nchi za baridi mwili wa mbwa husoma urefu wa mchana: siku zikirefuka anatupa usufi wa baridi, zikifupika anaotesha mwingine. Ndiyo maana vitabu vya huko vinasema mara mbili kwa mwaka.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya siku yetu ndefu kuliko zote na ile fupi haifiki saa moja. Joto nalo halibadiliki sana: Januari na Februari mchana hufika nyuzi 32 hivi, na usiku wa Julai hushuka hadi kama 19 au 20. Mwili wa mbwa haupati ishara kali ya kuuambia "sasa vua koti lote", kwa hiyo anavua kidogo kidogo kila siku. Mbwa wangu huzidisha kusi inapoisha na joto kuanza kupanda, kuanzia Septemba hivi, lakini hata Mei hawaachi kabisa. Ratiba yako ya kuchana iwe ya mwaka mzima, usisubiri msimu.

3. Kuna dawa au chakula kinachozuia kabisa?

Hakuna. Atakayekuuzia dawa ya namna hiyo anakudanganya. Unachoweza ni kuyawahi manyoya yaliyokwisha kung'oka ili yaishie kwenye brashi kabla hayajafika kwenye sofa, na kuondoa sababu zinazozidisha kuanguka: kupe na viroboto, chakula duni (swali la 16) na ugonjwa (swali la 22).

4. Joto lote hili la Dar, kwa nini nisimnyoe tu?

Kwa sababu utamwongezea shida mbili ulizotaka kumpunguzia, joto na manyoya.

Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hupoza mwili kwa kuhema ulimi ukiwa nje, na kidogo sana kwa jasho la nyayo. Kumwondolea manyoya hakumfungulii njia ya jasho, maana njia hiyo hana. Manyoya ya juu yaliyochanwa vizuri humfanyia kivuli, na hewa iliyo kati ya tabaka mbili huchelewesha joto la jua kufika kwenye ngozi. Ukinyoa, jua la saa 7 mchana linatua moja kwa moja kwenye ngozi ambayo haijawahi kuliona, na ngozi ya mbwa huungua kama yetu.

Halafu njoo kwenye kuota upya. Usufi huota haraka, manyoya ya juu huchelewa. Unabaki na mbwa aliyevaa usufi mtupu, unaoshika joto, vumbi, mbegu za nyasi na maji ya mvua, na unaoendelea kupukutika kama kawaida, ila sasa vipande ni vifupi na vinachoma kwenye vitambaa kama vijisindano. Husky, Chow Chow na jamaa zao wana tatizo la ziada: sehemu iliyonyolewa inaweza kukaa miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, bila kuota.

Ninasema haya kwa uchungu. German Shepherd wangu wa kwanza, Simba, nilimpeleka mwenyewe kunyolewa mwezi wa Januari, nikiamini namhurumia. Ngozi ya mgongo ikawa nyekundu ndani ya siku chache. Usufi ulirudi kwanza ukajaa, manyoya ya juu yakachukua karibu mwaka mzima, na masika yote maji yalikuwa yakimfika kwenye ngozi. Hakuna aliyeniambia kabla. Ndiyo sababu namwambia kila mtu.

Mashine ya kunyolea ina nafasi yake: daktari anapotaka kushona jeraha, kufanya upasuaji, au manyoya yanapokuwa yameshikana hadi ngozi haipati hewa. Kupunguza kwa mkasi manyoya ya kati ya vidole na ya chini ya mkia ni usafi wa kawaida, wala hakumdhuru.

5. Nimeshamnyoa tayari. Nifanyeje?

Usijilaumu ukaishia hapo. Mzuie jua kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni, mtandikie mahali pakavu, na mchane kwa brashi laini mara mbili kwa wiki ili usufi unaorudi usizibe njia ya manyoya ya juu. Mlishe vizuri. Usirudie kunyoa hata kama ameota mabakamabaka, maana ukirudia unaanza upya kuhesabu miezi. Zikipita takriban miezi 6 na bado kuna kipara, daktari wa mifugo ampime, kwa sababu wakati mwingine kunyoa hufichua ugonjwa wa tezi uliokuwepo tangu awali.

## Vifaa

6. Ninunue vifaa gani vya kuanzia?

Vitatu vinatosha. Cha kwanza ni reki ndogo ya manyoya, yenye meno ya chuma yaliyoachana na ncha za mviringo. Hiyo ndiyo inayofika kwenye usufi. Cha pili ni brashi ya vijisindano vyembamba vilivyopinda, ya kukusanya kilicholegezwa na reki. Cha tatu ni chanuo la chuma la kuhakikishia kazi: likipita kutoka ngozini hadi nchani bila kukwama, umemaliza. Kwa Labrador na Rottweiler, brashi ya mpira yenye vijinundu inafanya kazi kubwa kuliko reki.

Zipo pia blade za kuondolea manyoya, zenye makali kama ya msumeno mdogo. Zinatoa rundo la kufurahisha macho, lakini ukizitumia sana au ukikandamiza zinakata manyoya ya juu yaliyo mazima. Mimi huzitumia kwa nadra, na kamwe sizipitishi mara mbili mahali pamoja.

Kabla ya kulipa, pitisha meno ya kifaa ndani ya mkono wako, karibu na kiwiko. Kikikukwaruza wewe, kitamkwaruza yeye.

7. Chanuo la nywele zangu halifai?

La plastiki lenye meno mapana linafaa kwa mtoto wa mbwa anayezoeshwa. Kwa mbwa mkubwa linateleza juu juu na kukuacha ukiamini umechana. Kama umeanza kulitumia, lifanye la mbwa moja kwa moja, lisirudi kichwani kwa mtu.

## Kuchana

8. Namchanaje, hatua kwa hatua?

Chagua muda wa ubaridi, saa 12 na nusu asubuhi au baada ya saa 11 jioni, nje au barazani, upande ambao upepo unapeleka manyoya mbali na kamba ya nguo. Mkague kwanza kwa mikono: kupe masikioni, kwapani na kati ya vidole, vidonda, uvimbe, mafundo. Ngozi mbichi usiipitishie chuma.

Sasa fanya kama msusi. Anayesuka twende kilioni hachani kichwa kizima kwa mkupuo. Anagawa mstari, anashughulika nao, anahamia unaofuata. Anzia mguu wa nyuma, chini. Kwa mkono mmoja yanyanyue manyoya na kuyabana juu hadi uone mstari wa ngozi. Kwa mkono mwingine yashushe kidogo kidogo, ukiyachana kwa reki kutoka ngozini kuelekea nchani, mapigo mafupi, bila kukandamiza. Mstari ukiisha, shusha mwingine. Panda hadi kiunoni, nenda ubavuni, kifuani, shingoni, umalizie na mkia.

Wengi hupita mgongoni tu, mahali ambapo mbwa mwenyewe anapapenda, kisha wanashangaa nyumba bado imejaa manyoya. Ghala la usufi liko kwingine: nyuma ya mapaja pale panapoonekana kama suruali, shingoni, nyuma ya masikio, na pembeni mwa mkia. Muda wako mwingi uende huko.

Reki ikishamaliza, pitisha brashi ya vijisindano kufuata ulalo wa manyoya, halafu chanuo. Mara ya kwanza inaweza kuchukua saa nzima na mfuko mzima ukajaa. Gawa kazi kwa siku mbili. Mbwa akianza kuhema kwa nguvu, mpe maji na kivuli, umalizie kesho.

9. Mara ngapi kwa wiki?

Mara 2 au 3, dakika 15 kila mara. Kipindi anachozidisha, kila siku. Pomeranian na Chow Chow wachanwe angalau mara 3 muda wote, kwa sababu manyoya yao hujisokota haraka kwenye unyevu wa pwani. Labrador anaweza kuridhika na mara 1 au 2.

10. Manyoya yamesokotana mafundo. Nikate?

Usianze na mkasi. Ngozi ya mbwa ni nyembamba na hunyanyuka pamoja na fundo. Nimeona mikato mirefu iliyofanywa na watu makini kabisa. Shika fundo kwenye shina ili asivutwe, litie tone la mafuta ya nazi au unga kidogo wa mahindi uliochekechwa, lifumue kwa vidole kuanzia nchani, kisha ncha ya chanuo. Fundo lililogandamana na ngozi kwapani au nyuma ya masikio ni kazi ya daktari mwenye mashine. Na usimwogeshe akiwa na mafundo, maji huyakaza zaidi.

11. Mbwa wangu ni wa ulinzi, hataki kuguswa. Nitamchanaje?

Achanwe na anayemlisha. Kama ni kijana wa kazi au mlinzi ndiye anayemshughulikia kila siku, mfundishe yeye swali la 8 na umnunulie vifaa. Usimtume kwa mbwa asiyemzoea.

Anza bila kifaa kwa siku chache: mkono ubavuni, kipande kidogo cha ini la kuchemsha, basi. Kisha brashi igusie tu, kipande kingine. Ongeza sekunde siku hadi siku, na uache kabla hajachoka. Mnyororo wa shingo unaokaza usiutumie kumtuliza, anajifunza tu kuogopa brashi. Ikilazimu kumfunga mdomo, tumia kile kifungo cha kikapu kinachomruhusu kufungua mdomo na kuhema. Kumfunga kwa kamba kwenye joto letu kunaweza kumuua, kwa sababu iliyoelezwa swali la 4.

## Kuoga na kukausha

12. Kumwogesha kunapunguza manyoya?

Ndiyo, kama amechanwa kwanza. Maji na kusuguliwa hulegeza usufi uliokwisha kufa, ukatoka kwa wingi siku ile na siku 2 zinazofuata. Kila wiki 4 hadi 6 inatosha. Ukimwogesha kila Jumamosi kwa sabuni unamkausha ngozi, inatoa mba, na manyoya yanaanguka zaidi.

Mloweshe mpaka maji yafike kwenye ngozi. Tabaka la juu humwaga maji kama jani la mgomba, kwa hiyo tumia kopo huku vidole vikifungua manyoya. Koroga shampuu kidogo na maji kwenye chupa ndipo umpake, itasambaa sawasawa. Sugua kwa brashi ya mpira. Suuza mpaka povu liishe, halafu suuza tena mara moja, maana sabuni iliyobaki kwenye usufi ni chanzo kikubwa cha kujikuna. Tundu la maji liwekee chujio, bomba likizibwa na usufi kulizibua ni taabu.

13. Sabuni gani?

Shampuu ya mbwa. Ngozi ya binadamu ina tindikali zaidi kuliko ya mbwa, kwa hiyo shampuu zetu si saizi yake. Sabuni ya unga, ya vyombo na dawa za kuua vijidudu za sakafuni ziache jikoni na chooni. Mbwa hujilamba, atazimeza.

14. Natumia maji ya kisima, yana chumvi. Na akiogelea baharini?

Visima vingi vya jiji vina chumvi, na chumvi ikikauka kwenye usufi ngozi inakaza na kuwasha. Osha kwa maji ya kisima kama ndiyo uliyonayo, lakini weka ndoo 2 za maji ya bomba au ya mvua kwa suuzo la mwisho. Akitoka Coco Beach au Kigamboni ni hivyo hivyo: suuza chumvi na mchanga siku ile ile, usingoje kesho.

15. Kwa nini unasisitiza sana kukausha? Si jua lipo?

Jua linakausha manyoya ya juu, na mkono wako unadanganyika. Chini, usufi unabaki na maji kwa saa nyingi, na hewa yetu yenyewe imejaa unyevu. Ngozi yenye joto na maji ni shamba la bakteria. Asubuhi unakuta baka jekundu, bichi, linalonata na kunuka, manyoya yamelala au yametoka, na mbwa halali kwa maumivu. Linaweza kutokea usiku mmoja tu. Sehemu zake ni shavuni, kiunoni na juu ya mapaja.

Mwogeshe asubuhi ili upate mchana mzima. Kandamiza taulo, usisugue, kusugua ndiko kunakofunga mafundo. Badili taulo ikilowa. Kisha draya kwenye moto wa chini au upepo mtupu, ukiiweka mbali kiasi cha shubiri moja na kuihamisha muda wote, huku brashi ikifungua mistari kama swali la 8. Upepo huo unapeperusha usufi mwingi kuliko kuchana kwenyewe. Huna draya? Mweke mbele ya feni kwenye sakafu kavu na uendelee kumchana kila nusu saa. Amekauka pale ngozi ya nyuma ya masikio na ya kiunoni ikiguswa si baridi wala nyevu.

Siku za masika, anga likiwa limefunga na umeme haueleweki, ahirisha. Mbwa mchafu mkavu ana nafuu kuliko msafi aliyelowa hadi usiku. Akinyeshewa, mkaushe vilevile kama umemwogesha.

## Chakula na dawa za mtaani

16. Anakula ugali na dagaa. Ndiyo sababu?

Inategemea uwiano. Unyoya ni protini karibu yote, na mbwa wa tabaka mbili hutumia sehemu kubwa ya protini ya chakula chake kujenga ngozi na manyoya. Sufuria ya ugali yenye dagaa kumi wa kutia harufu ni wanga mtupu. Manyoya yanakuwa makavu, yanakatika, yanapauka.

Kuna jambo jingine lisilosemwa sana. Dona na pumba zina kitu kinachoitwa fitati, kinachoshika madini ya zinki tumboni yasifyonzwe. Watoto wa mbwa wakubwa wanaokua haraka kwa chakula cha nafaka tupu wanaweza kupata magamba kuzunguka macho, mdomo na kwenye nyayo. Husky wengine huzaliwa na udhaifu wa kufyonza zinki hata wakilishwa vizuri. Magamba hayo yanahitaji daktari. Vidonge vya kukisia vinaweza kumdhuru.

Ongeza dagaa kweli kweli, waliooshwa mchanga na chumvi kisha wakachemshwa, mayai ya kuchemsha, moyo wa ng'ombe, ini kidogo mara moja au mbili kwa wiki. Utumbo na mapafu ya machinjioni yaive sana, mabichi huleta minyoo hatari kwa mbwa na kwa watoto wako. Kitunguu, kiwe kitunguu maji au kitunguu saumu, kisiingie, kwani huharibu damu yake. Matokeo utayaona baada ya wiki 6 hadi 8. Manyoya hayaoti kwa siku tatu.

17. Mafuta ya nazi, mwarobaini, siki, oili chafu?

Mafuta ya nazi ni kwa fundo tu. Mwili mzima unashika vumbi. Maji ya mwarobaini hayapunguzi kupukutika wala hayachukui nafasi ya dawa ya kupe. Siki huunguza ngozi yenye mikwaruzo.

Oili chafu ya gari na mafuta ya taa: tafadhali, usithubutu. Najua mtaani wanasema inatibu upele. Ni sumu inayopita kwenye ngozi, na mbwa anailamba. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo ina vipimo vyake. Ukikisia kizibo, unaweza kumpoteza ndani ya siku moja.

## Nyumba na watu wake

18. Nisafisheje sofa na sakafu?

Zima feni kwanza. Fagia kwa fagio la ndani lililoloweshwa kidogo, kisha dekio. Sofa na viti vya gari, vaa glavu ya mpira iliyonyunyiziwa maji na uvute upande mmoja, manyoya yatajikusanya kama kamba. Shuka na nguo zikung'ute zikiwa kavu kabla ya kufua. Chujio la kiyoyozi lioshe kila wiki 2.

19. Manyoya ya mbwa huleta pumu kwa watoto?

Kinachowasumbua wenye mzio ni protini zilizo kwenye mate, mba na mkojo wa mbwa. Unyoya huzibeba tu. Mwenye pumu asiwe ndiye anayechana, na mbwa asilale chumbani kwake. Lililo muhimu zaidi ni minyoo: mayai yake hunasa kwenye manyoya. Mpe mbwa dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari, kwa kawaida kila miezi 3, na watoto wanawe mikono baada ya kumshika.

20. Sisi ni Waislamu na tuna mbwa wa ulinzi. Nguo za swala nizilindeje?

Waislamu wengi wa pwani yetu wanafuata madhehebu ya Imamu Shafi, na humo mbwa anahesabiwa najisi. Hukumu ya unyoya ulionasa kwenye kanzu muulize sheikh wako. Mimi nakusaidia kwenye kuzuia.

Banda liwe uani, upande ambao upepo hautokei kuja nyumbani, ukikumbuka kuwa kaskazi na kusi huvuma kutoka pande tofauti. Anayemchana awe na ovaroli au kanga ya kazi hiyo pekee, inayofuliwa peke yake. Kanzu, mabuibui na misala vianikwe upande wa pili wa nyumba na kuhifadhiwa kwenye mfuko uliofungwa. Kuchana mara kwa mara ndiko kunakopunguza shida hii kuliko kufuli lolote la mlango.

21. Manyoya yaliyotoka niyatupe wapi?

Kwenye mfuko, ufunge, pamoja na taka. Yanaoza vizuri kwenye mboji pia. Kama ametiwa dawa ya kupe au viroboto, usiyaache nje ndege wakajengea viota, dawa hiyo hufika kwa makinda.

## Pale ambapo si kawaida

22. Nitajuaje kuwa huu ni ugonjwa?

Kupukutika kwa kawaida hakuachi kipara na hakumwashi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo ukiona duara lisilo na manyoya lenye magamba (choa, kinachoambukiza watoto mapunye). Mwasho mkali masikioni, viwikoni au juu ya mkia. Au vipara vinavyolingana pande zote mbili za mwili kwa mbwa aliyenenepa na kulegea, jambo linaloweza kuwa la tezi ya shingo. Kunywa maji kupita kiasi na tumbo kuning'inia ni dalili ya tezi nyingine. Jipu lenye kitundu kinachochezacheza ni funza wa nzi, usiliminye kwa nguvu.

Usingoje hata siku moja iwapo ana kupe na sasa ana homa, fizi zimepauka, hali chakula au anatoka damu puani. Kupe wa kahawia wa mbwa hueneza ugonjwa unaoshambulia damu, na unatibika vizuri ukiwahiwa. Daktari akitaka vipimo vya maabara, jiji lina maabara ya veterinari pale Temeke.

23. Jike wangu amezaa na anabaki kama mti wa kiangazi.

Homoni zimeshuka na maziwa yamechukua akiba yake. Wengi hupukutisha sana miezi 2 au 3 baada ya kuzaa, wengine hata baada ya kipindi cha kutaka dume bila kuzaa. Mlishe vizuri, mchane kwa upole ukikwepa chuchu. Manyoya yatarudi.

24. Mtoto wa mbwa aanze lini?

Wiki ya 8, brashi laini, dakika 2. Manyoya ya utoto huanza kutoka kati ya miezi 4 na 6, na kwa muda ataonekana kama amevaa nguo za kuazima. Usiogope.

25. Kama simnyoi, nimpunguzieje joto?

Angalia banda. Banda la mabati lisilo na kivuli linageuka tanuri ifikapo saa 6 mchana. Lihamishie chini ya mti, liezeke makuti juu ya bati, au umwachie baraza la saruji. Maji safi yabadilishwe mara 2 kwa siku. Matembezi yawe alfajiri au usiku, lami ikiwa imepoa.

Akihema bila kupumzika, akatoa ute mzito, fizi zikawa nyekundu sana, akayumba, huo ni ugonjwa wa joto. Mwagie maji ya kawaida mpaka yafike kwenye ngozi, mpepee, na umkimbize kwa daktari huku ukiendelea kummwagia. Hapo suala la kukausha, swali la 15, litasubiri mpaka awe salama.

26. Nimemleta mbwa kutoka Arusha, na tangu afike Dar anamwaga manyoya kama mto wa usufi uliopasuka.

Alikuja na usufi wa nyuzi 12 za usiku wa huko akakutana na joto letu. Mchane kila siku, mistari, bila kumpeleka kunyolewa hata majirani wakikushauri. Kwa mbwa wa nyanda za baridi niliowashughulikia, wa Arusha, Lushoto na Njombe, wimbi la kwanza lilichukua mwezi mmoja hadi miwili. Mkojo, hamu ya kula na uchangamfu viwe vya kawaida. Kimoja kikibadilika, rudi swali la 22. Baadaye utaona tabaka la ndani limepungua unene na mbwa amekuwa mwembamba machoni, ingawa kilo zake ni zilezile.